Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maswali Kabla ya Kisu

Ndugu wanachama,

Habari za ada na vikao mtazipata kwa mweka hazina na katibu, wanaozijua kuliko mimi. Langu ni moja, lililotula muda mwingi mwaka huu: kumuuliza mgonjwa, kabla hajapanda mezani, kama mwili wake umeshazoea dawa jamii ya afyuni, kama mofini na heroini, au kama yumo hatarini kuzizoea.

Lilianza na kijana aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Hospitali siitaji, lakini zamu ilikuwa yangu, na lawama naibeba. Aliambiwa asile wala asinywe kitu tangu usiku, akatii. Kumbe kila asubuhi hupita dirishani kliniki kunywa methadoni, dawa jamii ya afyuni wanayopewa walioacha heroini, mbele ya muuguzi, na siku ile, kwa utii ule ule, hakupita. Jioni wodini makamasi yanamtoka, anapiga miayo, vipele vya baridi mwili mzima, tumbo linamkata. Mofini tuliyompa haikumshika. Kwenye faili mtu ameandika "mgonjwa msumbufu". Aliyetutajia arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, ni mama wa usafi, akiwa na fagio mkononi.

Kliniki ya methadoni ya Muhimbili imeanza mwaka 2011. Hatuwezi kusema hatujawahi kuwasikia wagonjwa hawa. Methadoni hainyimwi asubuhi ya upasuaji. Dozi huulizwa kliniki, ikathibitishwa, ikaendelea.

Baada ya hapo baadhi yenu mlipendekeza tutumie fomu ya Dk. Lynn Webster wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 2005, ya kupima hatari ya mtu kutekwa na dawa za afyuni. Inauliza ulevi na dawa za kulevya katika ukoo, historia ya mgonjwa mwenyewe, umri wa miaka 16 hadi 45, magonjwa ya akili, na kudhulumiwa kingono utotoni. Alama 8 na zaidi ni hatari kubwa. Tuliijadili kwa kirefu. Ilitengenezwa kwa watu wenye maumivu sugu, si kwa wetu wanaosubiri kisu. Swali la utotoni linampa mwanamke alama 3 na mwanamume sifuri, jambo ambalo mimi sijaona mantiki yake. Tena nani atalijibu kwenye benchi la korido, mama mkwe yuko pembeni ameshika kikapu cha uji? Tumekubaliana maswali yaulizwe faraghani, na swali hilo la utotoni tuliache mpaka awepo wa kumhudumia atakayejibu ndiyo.

Tulichochukua kwa Wamarekani ni utafiti wa mwaka 2017 wa wagonjwa zaidi ya 36,000 waliokuwa hawatumii dawa za afyuni kabla. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa bado wanaandikiwa dawa hizo miezi mitatu baada ya upasuaji, na waliopasuliwa kidogo hawakupishana sana na waliopasuliwa pakubwa. Kilichohusika na kuendelea huko ni sigara, pombe, sonona, wasiwasi, na maumivu ya tangu zamani. Kwa hiyo usimpime mgonjwa kwa urefu wa mshono.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana nimeanza kuona watu wakilipindua jambo hili. Alama nyingi si hati ya kumnyima mtu mofini. Huku kwetu wanaougulia bila dawa ni wengi kuliko waliozidishiwa. Aliyezoea afyuni huhitaji dozi kubwa zaidi, si ndogo. Anayeonekana yumo hatarini apangiwe mapema: ganzi ya mgongo au ya neva panapowezekana, panadoli kwa saa zake bila kungoja apige kelele, diklofenaki kama figo na tumbo vinaruhusu, uangalizi wa karibu wa upumuaji, na akienda nyumbani apewe vidonge vya siku chache na tarehe ya kurudi.

Karatasi ya maswali iko kwa katibu, ukurasa mmoja. Aliye jirani na kliniki ya methadoni aandike simu ya kliniki hiyo nyuma yake, kwa kalamu isiyofutika, maana ile ya kwanza ililoweshwa na spiriti ndani ya wiki.

Mwenyekiti