Mama, kitenge chako hakikuwa kosa

Kassel, Ujerumani
Juni, alfajiri

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Inyala, habari za baridi? Nisalimie Shangazi, Kaka na Shemeji, na watoto wote. Ile picha ya shamba nimeipata, viazi vimestawi kweli mwaka huu. Ndaga fijo.

Mimi ni mzima. Nimetoka zamu ya usiku ya ambulensi sasa hivi, nimechemsha chai, lakini usingizi hauji. Tangu tulipoongea Jumapili kuna neno lako limenikaa moyoni. Nilitaka kukujibu palepale, mtandao ukakatika, na baadaye nikaona hili si jambo la kusema kwenye simu huku mtu anaita "haloo, haloo". Nimemwomba Kaka akusomee taratibu, jioni, mkiwa mmeshakula. Ukitaka arudie mahali, arudie.

Ulisema, "Miaka tisa hii bado najiuliza, labda nilimziba baba yenu pumzi na kile kitenge."

Mama, hukumziba. Katika watu wote tuliokuwa pale barabarani, wewe peke yako ulifanya jambo ambalo leo nalifanya kwa kila majeruhi mahututi ninayemfikia. Tuliokosea ni sisi wengine, na mimi nikiwemo. Naomba nikueleze yote, maana sijawahi kukueleza.

Ilikuwa Juni kama sasa. Ukungu ulishuka mapema, ndoo za viazi zimepangwa kando ya lami, malori yanateremka mlima huku breki zinanuka. Lile lililofeli liligonga Noah iliyokuwa imeegeshwa, na Noah ndiyo iliyombana Baba kwenye ukuta wa karavati. Hakuwa na jeraha la kutisha. Suruali ilichanika, damu kidogo gotini. Alikuwa anaongea, akauliza nani anaangalia viazi vyake. Wewe ulivua kitenge cha juu ukamfunika mpaka shingoni, ukakaa chini kwenye kokoto ukamshika kichwa.

Ndipo tukaja wanaume. Mmoja akasema, "Mfunueni apate hewa!" Mwingine akaleta ndoo ya maji, akammwagia kichwani na kifuani ili asipoteze fahamu. Tukamshika wanne, wawili mikono, wawili miguu, moja mbili tatu, tukampandisha kwenye pikapu juu ya magunia. Mguu wa kushoto niliushika mimi. Alilia mara moja tu. Tulipofika Uyole alikuwa haongei tena, na midomo yake imepauka kama majivu.

Hakuna aliyemtakia mabaya. Yule mwenye pikapu hakudai hata senti ya mafuta. Tulifanya tulichoona wengine wakifanya miaka yote kwenye barabara ile.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinaendelea ndani yake, kama nilivyofundishwa. Mifupa ya nyonga imeungana kama pete. Pete ile ikivunjika, mishipa iliyo karibu nayo hupasuka, na damu hujaa ndani, lita moja, mbili, hata zaidi, bila tone kuonekana nje. Ndiyo maana mtu anaweza kuongea, akauliza habari za viazi vyake, na nusu saa baadaye akawa anatutoka. Ukimnyanyua kwa miguu, pete inaachana zaidi. Na yale maji ya ndoo, Mama, katika baridi ile! Mwili ukipoa, damu haigandi vizuri. Isipoganda inazidi kuvuja, ikivuja mwili unazidi kupoa, na mzunguko huo ndio unaoua watu waliokuwa wanaongea. Kwenye ambulensi yetu hapa tunawasha hita hata Julai. Sisi tunatokwa jasho, majeruhi amefunikwa blanketi na karatasi ile inayong'aa kama ya kufungia nyama. Mkufunzi wetu alisema siku ya kwanza kwamba joto nalo ni dawa. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikainamisha kichwa, maana nilikiona kitenge chako.

Siwezi kukuambia kwamba Baba angepona. Nimeona wa namna ile wakifa mikononi mwa madaktari wenye kila kitu. Lakini naweza kukuambia, kwa elimu niliyonayo na kwa mikono yangu hii, kwamba mkono wako haukuchangia kifo chake.

Majira ya baridi yaliyopita tuliitwa barabara kuu ya A7, hapa kwenye milima ya Kassel. Ni barabara inayotoka mpaka wa Denmark hadi mpaka wa Austria, na kwenye miteremko hii malori yake hupanda na kushuka kama yale ya Tunduma. Dereva wa lori alikuwa amebanwa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini magari yalikuwa yameshagawanyika: ya upande wa kushoto yamebana kushoto, mengine yote yamebana kulia, katikati kuna uchochoro. Hapa ni sheria. Magari yakianza tu kwenda polepole, dereva anafungua njia hiyo kabla hata hajasikia king'ora. Tulipita bila kusimama.

Zimamoto wakamtoa. Mwenzangu akashika kichwa, nikakata suruali kwa mkasi. Huwa hatuanzi na kidonda kinachotisha macho. Tunaanza na kinachoua haraka: damu inayomwagika, halafu njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, ndipo mwili mzima. Mapigo yake yalikuwa mepesi na ya haraka, ngozi ya ubaridi. Nikatoa mkanda wa nyonga. Ukiuona, Mama, utasema ni kitenge kilichokunjwa mara tatu, upana ni uleule. Haufungwi kiunoni, unafungwa chini zaidi, usawa wa ile mifupa inayojitokeza pembeni juu ya mapaja, unavutwa ukakaza pete irudi mahali pake. Nikavuta. Daktari alikuwa ameshafika na gari lake, maana hapa kwa ajali kubwa daktari huja mwenyewe barabarani. Akamchoma dawa ya kusaidia damu isiendelee kuvuja, asidi ya traneksamiki. Shemeji anaijua, hutumika pia kwa akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Utafiti uliotoka mwaka 2010, wa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inaokoa maisha, na uchambuzi wake wa mwaka uliofuata ukaonyesha kwamba itolewe ndani ya saa tatu, na mapema zaidi ndiyo bora zaidi. Wala si dawa ya bei kubwa.

Hospitalini timu nzima ilikuwa inasubiri mlangoni, daktari wa upasuaji, wa usingizi, wauguzi, watu wa picha. Mmoja wetu anaongea kwa dakika moja, wengine wote kimya. Yule dereva alipona. Mwezi wa tatu alituandikia kadi kwa Kijerumani kibovu kama changu cha mwaka wa kwanza.

Kaka akisoma hapa atasema, ni Ulaya hiyo, wana hela. Nami nilidhani hivyo. Halafu shuleni tukafundishwa habari za mtoto mmoja, Björn Steiger, wa miaka minane. Tarehe 3 Mei 1969 alikuwa anatoka kuogelea, akagongwa na gari karibu na mji wa Winnenden. Waliokuwepo waliita msaada mara moja. Ambulensi ilichukua karibu saa nzima kufika. Hakufa kwa majeraha yenyewe, alikufa kwa mshtuko wa mwili akiwa njiani kwenda hospitali. Ujerumani hii hii, Mama. Wakati ule hapakuwa hata na namba moja ya dharura ya nchi nzima.

Baba na mama yake hawakukubali yaishie kaburini. Mwaka uleule wakaanzisha taasisi kwa jina la mtoto wao, wakabisha milango ya wakubwa, wakachangisha simu za dharura kando ya barabara, na mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba namba 110 na 112 zitumike nchi nzima. Mkufunzi aliandika namba mbili ubaoni: 21,332 waliokufa barabarani mwaka 1970, Ujerumani zote mbili za wakati ule, Mashariki na Magharibi, kwa pamoja, na 2,839 mwaka 2023. Si ambulensi peke yake iliyofanya hivyo. Magharibi walibana mwendo kwenye barabara za nje ya miji mwaka 1972, na mkanda wa kiti cha mbele ukawa lazima 1976. Lakini mimi nilibaki nawafikiria wale wazazi wawili. Nilikuwa nawaza juu yako.

Nafuatilia pia ya nyumbani. Muhimbili walifungua idara yao ya tiba ya dharura mwaka 2010, na madaktari bingwa wa fani hiyo sasa wanafundishwa hapohapo kwetu. Na ile namba 115 ya M-mama imenigusa sana. Mama mjamzito akipata shida, anapiga bure, mtu wa zamu anatafuta gari, na ambulensi isipokuwepo anaitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, analipwa, anampeleka. Madereva wa kawaida! Mimi naamini kwa moyo wote kwamba njia hiyo hiyo inafaa kwa majeruhi wa barabarani. Mtu wa kwanza kufika kwenye ajali ya Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi au Kitonga atakuwa ni bodaboda na muuza viazi, leo na kesho na miaka kumi ijayo. Basi yeye ndiye wa kufundishwa. Hapa kila anayetafuta leseni ya gari lazima apitie mafunzo ya huduma ya kwanza, vipindi tisa vya dakika 45. Ni siku moja tu, Kaka, na kijiwe chako cha bodaboda kina vijana wangapi?

Kwa hiyo nimeamua. Nina likizo kuanzia katikati ya Desemba, nakuja wiki nne. Ile hela niliyokuwa natuma kwa ajili ya tofali, Mama, naomba tusimamishe kidogo, uzio utasubiri. Nitakuja na glavu, bandeji za kukandamiza na mikanda ya kuzuia damu. Nitafundisha kijiwe cha Kaka, na akina mama wa viazi waje pia, tena wao wakae mbele. Nitawafundisha kukandamiza kidonda kwa mikono miwili bila kuachia na bila kuchungulia kila dakika. Kumgeuza mtu ubavu kwa pamoja, kichwa na mgongo vikienda sawa, kumlaza kwenye ubao au mlango, si kumshika mikono na miguu. Kumfunika. Kutommwagia maji wala kumnywesha chochote. Na mmoja akimbie polisi kufuatilia PF3 wakati wengine wako njiani kwenda hospitali, maana ile fomu ni muhimu kwa kesi lakini damu haiisubiri.

Kaka, hili ni lako. Vaa helmeti kila safari, hata ya kwenda dukani, na uifunge kidevuni. Helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Na lori la mafuta likipinduka, usisogee na wala usimruhusu mtu asogee na ndoo. Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa petroli ya kukinga. Zimamoto ni 114, iandike kwenye simu yako leo kabla hujafunga barua hii.

Shangazi mwambie dawa zake za presha asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Nimetuma hela kidogo kwa Shemeji, na humo kuna ya sweta za watoto.

Mama, kile kitenge cha kahawia chenye majani najua umekiweka chini kabisa ya sanduku. Kama moyo wako utaridhia, ningependa kukitumia siku hiyo kuwaonyesha vijana jinsi ya kufunga nyonga. Kama hauridhii, wala usijilazimishe, nitanunua kingine Mwanjelwa. Kaka atafute mkeka mpana, na mpwa wangu yule mrefu ndiye atakayelala chini awe majeruhi. Mwambieni avae nguo nzito, atalala pale muda mrefu.

Ni mimi mwanao