Maharage yako yaliisha kabla ya saa tano

Iringa, Jumapili jioni

Rafiki yangu,

Kamwene, kwa salamu ya Kihehe! Najua utanijibu "ugonile" ya Kinyakyusa makusudi, basi nimeitikia zote mbili. Upepo wa Julai umeshaanza huku, nakuandikia nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

Ujumbe wako kuhusu mdogo wako nimeupata. Hongereni kwa matokeo. Unaniuliza achukue kozi hii yangu ya burudani na usimamizi wa matukio au aachane nayo, na bado hujaacha kuiita "digrii ya kupanga viti". Haya, nikusimulie hivyo viti.

Mwezi uliopita tulikuwa na kazi ya vitendo: kila kundi liandae tukio la kweli, watu wa kweli waje. Sisi tulichagua bonanza la wazazi na watoto kwenye uwanja wa shule moja ya msingi. Kukimbia na magunia, kuvuta kamba, ngoma, mchana wali maharage. Mimi nikapewa mlango. Mlango haugombaniwi na mtu, kila mmoja anataka kuwa MC. Tulikadiria watu 300, kwa hiyo nikachambua punje 30 kwenye yale maharage ya njano uliyonitumia Pasaka, nikazitia mfuko wa kulia wa koti. Wakipita watu kumi, punje moja inahamia kushoto. Kale kamashine ka kuhesabia watu, ka kubonyeza kwa dole gumba, walikuwa nako kundi lingine.

Saa nne na nusu mfuko wa kulia ulikuwa mtupu. Ngoma imesikika hadi mtaa wa pili, kiingilio bure, nani abaki nyumbani? Nikaanza kuzirudisha kulia.

Uwanja una mageti mawili. La nyuma, wenzetu wa jikoni walikuwa wameliziba kwa kreti za soda na mzigo wa kuni. Harufu ya chakula ilipotoka, walio nje wakasukuma waingie, na waliokuwa ndani wakaja kwangu watoke, maana bomba la kunawia liko nje. Kuna mtoto wa kike, sweta la kijani, akabanwa kwenye nguzo ya geti. Nilimwona uso tu, mikono haionekani. Hakulia, na hicho ndicho kilichonitisha. Mlinzi wa shule, mzee ambaye tangu asubuhi hatukumuuliza lolote, akazunguka nyuma, akasukuma zile kreti kwa mguu, akafungua geti na kupaza sauti: "Chakula huku!" Dakika chache tu, mlangoni kwangu ungeweza kupitisha ng'ombe. Yule mtoto akajifuta kamasi kwa mkono wa sweta na kwenda zake kuvuta kamba.

Aibu yangu ni kwamba wiki tatu kabla tulifundishwa jambo hilohilo. Mwalimu alichora sakafuni mraba wa mita moja kwa chaki, akaanza kutuita tuingie. Wanne tulisimama vizuri. Wa tano alipoingia mabega yakagusana. Tulipofika sita, mmoja akikohoa sote tunayumba, huchagui tena uende wapi. Tulicheka sana siku ile, na mtihani nilipata A. Kumbe tunajua yanakoishia: Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, siku ya kumuaga Rais Magufuli, watu 45. Nilikuwa nazisoma kama tarehe za kukariri. Sasa nikiingia ukumbini, hata harusini, macho yanatafuta mlango wa pili kabla ya keki.

Upande wa burudani ni mtamu zaidi, ila sikufichi, mwajiri haulizii. Februari tulipelekwa Kitulo, tukapanda zile kona 57 kutoka Chimala, nusu ya darasa wakitapika. Bustani ya Mungu, ndivyo Kitulo inavyoitwa kwa maua yake, wakati huo imechanua, na sisi kazi yetu ilikuwa kutazama miguu: wageni wameacha njia wapi, kwa nini, majani yamelala upana gani. Kisa mara nyingi ni tope. Mtu anakwepa dimbwi, anayemfuata anakwepa zaidi, njia moja inakuwa tatu juu ya maua. Na hapo hujataja wachimbaji wa viazi vya maua ya okidi, vile vinavyovushwa hadi Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko cha viazi hivyo na karanga. Eneo limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, lakini bango halimzuii mtu anayekwepa tope. Ukimwekea mawe ya kukanyagia, anapita palepale bila kufokewa.

Halafu kuna huyu Robert Stebbins, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Kuanzia 1982 aliandika kwamba kuna burudani ya kupitisha muda, na kuna ile ambayo mtu anaifanyia bidii kama kazi, anaipandia ngazi miaka na miaka. Nilimkumbuka bibi na kwaya yake: mazoezi mara tatu kwa wiki, faini ya kuchelewa, ugomvi wa sare. Jaribu kumwambia anajipumzisha, uone.

Kuhusu ajira, mwambie ukweli. Kamati za harusi hapo Mbeya zinaendeshwa na mashangazi wasio na cheti, na wanajua kukamua ahadi za michango kuliko mhadhiri yeyote. Akitegemea send-off na kitchen party pekee atashindana nao, na atashindwa. Ajifunze mikataba, bima na hesabu za watu. Na kama anachotaka ni kushika kipaza sauti, hilo halihitaji miaka mitatu ya ada.

Lakini nakumbuka kwenye msiba wa babu yenu ni yeye aliyeona mapema kwamba maji ya kunawa hayatatosha, akabeba ndoo bila kutumwa. Alikuwa darasa la saba. Mlete. Mwezi ujao tunarudia bonanza kwenye uwanja uleule, mzee wa getini tumeshamuomba awe kwenye kamati, na geti la nyuma ni langu. Mdogo wako atakaa nami.

Mpe na maharage. Safari hii debe zima.

Wako wa dawati la nyuma