Wazee wa manamba warekodiwe, sauti zao zibaki kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenzangu wanaoishi kandokando ya mashamba ya mkonge, kuanzia huku Korogwe na Muheza hadi Kilosa na Lindi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa mashambani kutoka mbali. Baba alitoka Songea miaka ya 1950, akakata mkonge mpaka mgongo ukamshinda. Alifariki sijamuuliza hata siku moja alifikaje huku. Aliniachia kipande kimoja, kadi yenye vyumba vya siku 30, na vilivyotiwa alama ni 22 tu. Enzi zile ilikuwa mpaka siku 30 zitimie ndipo mtu alipwe. Hizo nane zilikwenda wapi? Aliugua? Alihama shamba? Nimekigeuzageuza kile kipande miaka mingi, na wa kunijibu hayupo.

Ndiyo maana nilianza kuwaita wazee Jumamosi baada ya alasiri, chini ya mwembe wa shule. Watoto wanauliza, mjukuu wangu anarekodi kwa simu. Mzee mmoja Muha, anayekaribia miaka 90, alitusimulia alivyoandikishwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoundwa mwaka 1944 kutafuta vibarua. Akapewa namba, akapanda treni Kigoma, akateremshwa Morogoro na kupakiwa kwenye lori hadi Korogwe. Kijana wa kidato cha tatu akamkatiza: "Babu, lori la nini wakati reli inafika mpaka Tanga?" Mzee akashikilia lake: lori, tena lenye vumbi la kutoonana.

Usiku nikatafuta. Reli inayounganisha Ruvu na Mnyuzi, yaani reli ya Kati na ile ya Tanga, ilifunguliwa mwaka 1963, na mzee alikuja kabla ya hapo. Jumamosi iliyofuata nilimweleza kijana mbele ya wote. Akaenda kumwamkia babu, akakaa miguuni pake mpaka jua likazama.

Wiki za mwanzo walizungumza wanaume peke yao, na kosa hilo ni langu, sikuwaalika akina mama. Bibi wa kwanza kufungua kinywa alikuwa mwanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye waya. Alituambia maji ya mkonge yanavyowasha mikono, na kwamba masikio yao yote yalikuwa kwenye korona, ile mashine ya kusindika mkonge: ikinyamaza ghafla, wanajua imeharibika, basi wanakimbilia kuchota maji. Alituonyesha palipokuwa kambi ya Wabena na kambi ya Warundi, leo ni shamba la mahindi. Watoto wa kambi zote, alisema, walijifunzia Kiswahili kwenye foleni ya bomba, huku wazazi wao wakielewana kwa ishara. Nimefundisha historia miaka 31 na sikuwahi kulijua hilo.

Sasa naomba jambo moja. Miaka ya nyuma walifika wageni na kinasa sauti, wakawahoji wazee wetu siku mbili, wakaondoka. Hatukuletewa hata karatasi. Wawili kati ya waliohojiwa wamekwisha kufa, na watoto wao wanajua kabisa kwamba sauti ya mzazi wao ipo mahali fulani wasipoweza kuifikia. Kwa hiyo kila anayerekodi aache nakala shuleni na nakala nyingine kwa familia. Na halmashauri zitupe japo kompyuta moja kwenye maktaba ya wilaya ya kutunzia haya.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliingia vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji, miaka 60 na ushei baada ya vita kwisha. Waliwahi. Waliokuja na SILABU nao sasa wamefikia umri huohuo, na hapa kijijini kwetu wamebaki watatu.

Mzee wetu Muha ana wimbo waliokuwa wakiuimba alfajiri wakielekea shambani. Ameuimba kwa Kiha, tumeurekodi wote. Akiulizwa maana yake machozi yanamtoka, hawezi kuendelea, nasi hatutaki kumsumbua. Kama kuna msomaji wa Kasulu au Kibondo anayeishi karibu na Korogwe, tunaomba aje Jumamosi yoyote akae naye, waongee kwa lugha yao.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga