Mwanangu, fainali ile ya Arusha haikuwa ndogo

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nilizipata, na mama yako amefurahi kusikia kwamba kikohozi kimepungua. Sisi hatujambo, baridi ndiyo imetukaba. Ninakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema kwenye simu wiki iliyopita, kwamba fainali ya kombe isiyo na Simba wala Yanga ni sawa na harusi isiyo na bibi harusi. Wenzako wa huko Dar es Salaam walicheka, niliwasikia. Mimi sikuweza kulijibu neno hilo papo hapo, lakini halijanitoka moyoni, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwapo siku ambayo harusi hiyo ilifungwa.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 2 Juni 2018. Nilikuchukua hadi kwenye kibanda cha kuangalia mpira kule karibu na soko, nawe ukakaa juu ya gunia la viazi kwa sababu miguu yako haikufika chini ukiwa kwenye benchi. Mtibwa Sugar walikuwa wanacheza na Singida United fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Kibanda hakikujaa. Kando yetu alikuwapo yule mzee fundi baiskeli, ambaye ujana wake wote aliukata pamoja na miwa kule Turiani, nyumbani kwa Mtibwa, na ambaye siku hiyo alikuwa amefunga, kwani ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kofia yake alikuwa ameivua na kuishika kwa mikono miwili. Mtibwa walitangulia kwa mabao mawili, Singida wakayarudisha yote, na dakika zilipokuwa zinakaribia kwisha Mtibwa wakapata la tatu. Mzee hakupiga kelele. Aliikunja ile kofia, akaikunjua, akaikunja tena, machozi yakimtiririka, nawe ukaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amefariki nyumbani kwake.

Sikukujibu vizuri siku ile, kwa hiyo nakujibu leo. Katika ligi timu ilipaswa kucheza mechi 30 msimu ule, na mwenye kikosi kipana na fedha za kukitunza ndiye kwa kawaida anayefika mbele. Lakini kombe huchezwa kwa mtoano, na aliyejiandaa kwa dakika 90, na baada ya hapo kwa mikwaju ya penalti, anaweza kumtoa yeyote. Msimu ule ule Simba walitolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ambayo haikuwa hata Ligi Kuu, na Yanga wakatolewa kwa penalti na hao hao Singida United. Kwa hiyo usiseme kwamba wakubwa hawakuwapo kwenye fainali kana kwamba walisahau kuja. Walikuja, wakatolewa. Tena bingwa wa kombe hilo hupewa nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, ndiyo maana timu inayofanya mazoezi Manungu, katikati ya mashamba ya miwa, iliweza kupanda ndege kwenda kuiwakilisha nchi nzima, wewe na mimi tukiwemo.

Mama yako ananiambia nisisahau Lipuli, timu ya Iringa, na ana haki, maana yeye ni wa huko na kwa jambo hili hasamehi. Mwaka 2019 Lipuli waliwafunga Yanga mabao 2-0 kwao Iringa, uwanja wa Samora, katika nusu fainali, wakaenda Lindi kucheza na Azam kwenye uwanja wa Ilulu, wakafungwa 1-0.

Sasa nikuambie kinachoniuma, kwa sababu sitaki udhani kwamba nayaona mazuri peke yake. Mbao ya Mwanza ilicheza fainali ya 2017, Singida United ya 2018, Lipuli ya 2019. Na timu hizo tatu zote zilishuka daraja katika msimu mmoja, ule wa 2019/2020. Mbao ilitolewa katika mechi za mchujo na Ihefu ya kwetu Mbarali, nasi tukashangilia, kisha Ihefu nayo ikahamishiwa Singida na leo inaitwa Singida Black Stars. Unaona mwenyewe. Timu ya mji mdogo huweza kufika fainali kwa juhudi za wachezaji 11 na mwalimu mwenye akili, lakini kubaki hai kunahitaji mishahara inayolipwa kwa wakati, vijana wanaolelewa, na watu wa mji wanaolipa kiingilio hata timu inapofungwa. Kwa maoni yangu, hilo la mwisho ndilo tunalolikosa zaidi, kwa sababu vijana wa hapa Mbeya huvaa jezi za Kariakoo, za Simba na Yanga, ndani ya uwanja wa Sokoine wakati timu ya nyumbani inacheza. Nawe umekuwa mmoja wao. Wazee wetu waliiona Tukuyu Stars ikitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986, na hawakuhitaji kuazima furaha kutoka mji mwingine.

Mtibwa wenyewe hawakusalimika. Walishuka mwaka 2024. Lakini walikuwa na msingi wa miaka mingi, ubingwa wa 1999 na 2000, na desturi ya kukuza vijana wao wenyewe, kwa hiyo mwaka mmoja tu ukatosha, wakarudi Ligi Kuu 2025 pamoja na Mbeya City yetu. Siku habari hiyo ilipothibitika, fundi baiskeli alipita hapa nyumbani kunipa mkono, akakuulizia.

Nimemwahidi kwamba ukija likizo tutakwenda watatu Sokoine siku Mtibwa watakapokuja kucheza na City. Yeye atakaa upande wa wageni, na mimi na wewe upande wa nyumbani. Nauli yako nitaituma mwisho wa mwezi. Jezi ile iache huko huko Dar es Salaam.

Ni mimi baba yako.