Dansi ya Ijumaa: tuwafungulie watu wa nje?

Habari za jioni wapendwa. Kikao ni kesho Jumatano, saa 12:30 jioni, palepale ukumbini Kinondoni.

Mimi naunga mkono tufungue. Kizomba na bachata, dansi za kucheza wawili wawili, huwezi kuzijua kwa kucheza na watu walewale kila wiki. Ukishamzoea mwenzako unaacha kumsikiliza. Ila hofu ya dada zetu kuhusu wageni wasio na adabu ni ya kweli, lazima tuipatie jibu kwanza.

Tutaamua:
1. Kiingilio: napendekeza mgeni 5,000, mwanachama 3,000.
2. Somo la nusu saa kwa wageni kabla ya muziki.
3. Nani wawili watakaa mlangoni.

Tafadhali jibu "Nakuja" au "Sipo" leo kabla ya saa 4 usiku. Asiyeweza kufika aandike kura yake hapa.