Fundi, nitumie brauza gani? Jibu letu kwa wateja wetu

Haipiti wiki bila mteja kutuambia, "Fundi nitolee hii Chrome inakula RAM yote, niwekee nyingine nyepesi." RAM ni ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, na tunawaelewa kabisa maana laptopu ikianza kukwama katikati ya kazi inachosha roho, ila mara nyingi tukikaa na hiyo mashine tunakuta brauza yenyewe haina kosa kubwa, tatizo ni mizigo iliyobebeshwa.

Juzi kaja mama mmoja na laptopu ya RAM GB 4, feni inaunguruma kabla hata hajafungua kitu. Tulipofungua brauza tukakuta vichupo (tabs) 42 vimeachwa wazi, viendelezi (programu ndogo za kuongezea kwenye brauza) 11 ambavyo yeye anavikumbuka viwili tu, halafu pale kona ya chini kila baada ya muda linachomoza tangazo jekundu eti kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa. Yeye alishaanza kuogopa hata kuingia benki. Sasa lile tangazo halikuwa virusi, ilikuwa ni tovuti moja ambayo siku za nyuma alibofya "Ruhusu" akidhani ndo video itafunguka, kumbe ameipa ruhusa ya kumtumia arifa muda wowote. Tukaenda kwenye mipangilio, sehemu ya arifa, tukaifuta hiyo tovuti, viendelezi tisa tukavitoa, vichupo tukafunga, akaondoka na Chrome ileile na kazi inaenda.

Kwa nini vichupo vinakula RAM hivyo? Chrome inaipa karibu kila tovuti chumba chake kwenye kumbukumbu, ili moja ikigoma isiangushe zingine, na tovuti mbovu isiweze kuchungulia ya benki iliyo pembeni. Kwa hiyo ile RAM inayoliwa, sehemu yake ni usalama wako. Chrome na Edge zote zina sehemu ya kulaza vichupo usivyovigusa, ipo kwenye mipangilio ya utendaji, iwashe.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui na sisi tunatamani kila mteja alijue: Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi zote zimejengwa juu ya kitu kimoja kinaitwa Chromium, ndo msingi wenye injini inayofungua tovuti. Edge ilihamia huko Januari 2020. Kwa hiyo mtu anayetoka Chrome kwenda Opera akitegemea tovuti zifunguke kwa namna nyingine kabisa, amebadilisha bodi tu, injini ni ileile. Zenye injini tofauti kweli ni Firefox na Safari. Na kwa wa iPhone, ukiacha sehemu chache kama Umoja wa Ulaya ambako sheria imebadilika, hata uweke Chrome ndani yake inaendeshwa na injini ya Safari, kwa hiyo usihangaike kutafuta ya kasi zaidi pale.

Kama kasi hazipishani sana basi unachagua kwa kigezo gani? Sisi tunaangalia nani anakaa na taarifa zako. Google inaishi kwa matangazo, na Chrome imebadilisha sheria za viendelezi kiasi kwamba ile uBlock Origin ya asili, ambayo kwetu ndo kizuia matangazo bora kuliko vyote, haifanyi kazi tena humo (kuna toleo jepesi, lina uwezo mdogo). Firefox bado inaikubali. Kwa hiyo mteja akituambia matangazo na kufuatiliwa vinamkera tunamwekea Firefox na uBlock Origin, na kama hataki kuhangaika na viendelezi tunampa Brave, yenyewe inazuia tangu unapoifungua. Mwenye Mac abaki na Safari, betri yake itamshukuru. Mwenye Windows ambaye kazi yake ni barua pepe na hati za ofisi, Edge ameshapewa tayari na inatosha. Na kama maisha yako yote yako kwenye akaunti ya Google, simu ya Android na kila kitu, baki Chrome, hatutakulaumu.

Incognito, ile hali ya kutumia brauza bila kuacha historia, watu wanaiamini kupita kiasi. Inafuta historia kwenye kompyuta yako tu, anayekuuzia intaneti na mkuu wa mtandao wa ofisini bado wanaweza kuona umeingia tovuti gani.

Wale wa Windows 7 tunawaambia ukweli bila kuwaficha, Chrome iliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2023, toleo la mwisho ni 109, kwa hiyo hiyo ya kwako haipati tena marekebisho ya usalama hata kama inafunguka vizuri. Hapo dawa ni kubadili Windows, brauza baadaye.

Ukiamua kuhama, tafadhali usifute ya zamani kwanza. Brauza mpya inaweza kuvuta alamisho (bookmarks) na paswedi zako kutoka kwa ile ya mwanzo, ingia mipangilio utafute sehemu ya kuingiza data. Ikishindikana utazitoa paswedi kwenye faili, na hilo faili halina kufuli, yeyote akilifungua anasoma kila kitu, kwa hiyo ukimaliza kuliingiza lifute, uende na kwenye pipa la taka ulifute na humo.