Vijana wasikatazwe milima, wakaguliwe breki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vijana wanaoshuka milima kwa baiskeli za gia siku za mapumziko, hasa kwenye njia za miguu za upande wa Kalinzi na Mwandiga, hapa Kigoma. Wazazi wengi wanauita mchezo huo uhuni, na wapo wanaotaka serikali za vijiji ziupige marufuku. Mimi nina miaka hamsini na miwili, bado naucheza, na nimeanguka mara nyingi kuliko ambavyo ningependa mke wangu ajue. Kwa hiyo naandika nikiwa shahidi na mtuhumiwa kwa pamoja.

Anguko lililonifundisha zaidi lilitokana na baiskeli ya mtumba. Nilipoinunua niliangalia gia, nikaminya tairi, nikazungusha pedeli, nikaridhika. Sikuangalia waya za breki zinaelekea wapi. Baiskeli zinazotengenezwa kwa ajili ya Uingereza au Japani kwa kawaida hufunga gurudumu la mbele kwa mkono wa kulia, na ndivyo ilivyokuwa baiskeli yangu ya tangu ujana; zinazotengenezwa kwa ajili ya Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya huwa kinyume chake. Basi asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na udongo mwekundu umekuwa kama sabuni, nilifika kwenye kona yenye mzizi wa mwembe, nikabana breki ya kushoto nikiamini nashika gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele likasimama, mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani nikatua kifudifudi kwenye matuta ya mihogo, na baiskeli ikanifuata, pedeli ikanichana ugoko. Mzee aliyekuwa akipalilia hatua chache kutoka pale aliinua uso, akanitazama, akasema, "Mwakeye," kana kwamba nimepita kumjulia hali. Niliitikia, mdomo umejaa udongo.

Mara nyingine nilinusurika kwa sababu ndogo sana. Nilikuwa nikikiogopa kisiki kilichokuwa katikati ya njia, nikakikazia macho, na baiskeli ikaenda pale pale nilipokuwa natazama; nilikikwepa kwa upana wa kiganja baada ya kuinua macho kuelekea kwenye upenyo. Tangu siku hiyo nawaambia vijana watazame wanakotaka kwenda, wainuke kwenye kiti, warudishe uzito nyuma na walegeze viwiko. Haya hayafundishwi kwa kukatazwa.

Raha yake nayo lazima niiseme, vinginevyo nitakuwa sijasema kweli. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilele vya safu hii vinapita mita 1,500. Ukisimama juu asubuhi, ukaliona ziwa limelala chini na milima ya Kongo ng'ambo kama moshi, kisha ukaachia breki, upepo unakujaza masikio, migomba inapita pembeni, na kwa dakika chache hukumbuki deni wala ada ya shule.

Kinachonishangaza ni kwamba tunawaona wachukuzi wa mawese kila siku. Mtu anafunga madumu ya lita 20 kwenye keria, anashuka mteremko ule ule, na breki zikilegea anakandamiza tairi la nyuma kwa katambuga. Huyo tunamwita mchapakazi. Kijana mwenye kofia ngumu na baiskeli tupu ndiye mhuni. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, kundi la watu lilianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu za breki za kukanyaga pedeli kwa nyuma. Breki hizo zilipata moto kiasi kwamba grisi ndani ya kitovu cha gurudumu ilifuka moshi, ikabidi itiwe upya, na njia yenyewe ikaitwa Repack, yaani "jaza upya", kwa sababu hiyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mbio za baiskeli za milimani ziliingia kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Siombi vijana waachiwe tu. Naomba viongozi wa vijiji wawazuie kushuka siku za gulio, wakati njia zimejaa kina mama na mizigo, na wasimruhusu yeyote apande mlimani kabla fundi hajakagua vipira vya breki, waya na rimu. Wafundishwe pia kubana na kuachia, kwa kuwa breki inayoshikiliwa mteremko mzima huipasha rimu moto, upepo ukatanuka na tyubu ikaweza kupasuka katikati ya mbio. Na kila anayenunua baiskeli ya mtumba aizungushe uani kwanza, abane mkono mmoja mmoja, ajue upi unashika gurudumu lipi. Kama umegeuzwa, si lazima aiuze. Nimekwisha kuwahamishia vijana watatu wa mtaani kwangu waya za breki kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kwa baiskeli zao kazi yote ilihitaji koleo, spana namba kumi na nusu saa chini ya mwembe.

Msomaji wako,
Mwandiga, Kigoma